Soko la Uashi na Mafunzo ya Vijana Wetu
Hotuba ya Katibu wa Muungano katika Sherehe ya Kutimiza Miaka 10



Tuliombwa tuseme leo habari za kahawa. Lakini habari za kahawa mwazijua kuliko sisi wa ofisini, maana ninyi ndio mnaoamka alfajiri kuichuma. Kwa hiyo twaomba radhi tuseme juu ya jambo jingine ambalo hula fedha za kahawa kuliko mwanachama anavyodhani. Jambo hilo ni ujenzi, na hasa kazi ya uashi: hali ya soko lake katika mkoa wetu na nchi jirani, na mafunzo ya vijana watakaoifanya.

Katika miaka hii 10, kila wakulima walipokwisha kulipwa, fungu kubwa la fedha zilizobaki katika Muungano lilikwenda kwenye mawe, mchanga na saruji. Tumejenga maghala, matangi ya kuoshea kahawa, ofisi za vyama vya msingi, na kuta za kuzuia udongo usiporomoke njiani. Mwanachama naye hafanyi tofauti. Akiisha kulipa karo ya watoto, shilingi inayobaki huigeuza kuwa tofali. Pandeni njia ya Kidia, au piteni Tsuduni na Mahoma, mtaona vihamba vingi vina msingi uliosimama kati ya migomba ukingoja msimu ujao. Basi mtu asiseme ya kuwa uashi si shauri la wakulima.

Wengi mwalikumbuka ghala letu la kwanza, lililojengwa katika mwaka wa pili wa Muungano. Mkandarasi wake hatuna haja ya kumtaja. Bei yake ilikuwa ya chini kuliko za wengine, nasi tulifurahi, tukamkabidhi kazi. Mafundi wake walifanya upesi sana. Mchanga waliouleta ulikuwa na udongo ndani yake, wala haukuoshwa. Asubuhi walikoroga chungu kubwa la saruji, wakalitumia hata alasiri, na kila lilipoanza kuganda waliliongezea maji. Kuta hazikumwagiwa maji hata siku moja, ingawa ulikuwa wakati wa jua kali. Sisi wa kamati tulikwenda kukagua mara tatu. Tulifanya nini? Tulihesabu matofali, tukanywa chai, tukarudi.

Masika ya kwanza yalipofika, ukuta wa upande wa mlima ulipasuka toka kwenye linta hata kwenye msingi, maji yakaingia usiku. Kahawa iliyokuwa imekwisha kukaushwa ililowa. Wako wanachama hapa leo ambao kahawa yao ilishushwa daraja kwa unyevu ule, nao hawajasahau, tena wana haki ya kutosahau. Kosa la mkandarasi lilikuwa kosa. Lakini la kwetu lilikuwa kubwa zaidi, kwa kuwa katika vyama vyote vya Muungano hatukuwa na mtu mmoja mwenye ujuzi wa uashi ambaye tungemsimamisha pale aseme, “Hapana, mwageni hiyo, korogeni upya.”

Si kwamba mlima huu haukujua mawe. Wazee wa Kibosho watatukumbusha ya kuwa Mangi Sina alikuwa na boma la mawe, ambalo Wajerumani walilishambulia mwaka wa 1891. Hata hivyo nyumba za babu zetu zilikuwa za miti, nyasi na majani ya migomba, na uashi wa mawe na chokaa ulikuja hasa na misheni na serikali ya kigeni. Kisha reli kutoka Tanga ilipofika huko tambarare mwaka wa 1911, mji ulishuka, jina la Moshi likashuka nao, sisi huku juu tukabaki na neno “Old.” Maduka na nyumba za mji mpya nyingi zilijengwa na mafundi wa Kihindi. Vijana wetu waliwachukulia mawe na maji, na wenye macho makali wakajifunza kwa kutazama. Hivyo ndivyo ufundi ulivyoingia katika jamaa nyingi za hapa, na kwa njia hiyo hiyo umerithiwa mpaka leo.

Wazee wetu walipoanzisha chama chao cha wapanda kahawa mwaka wa 1925, na KNCU ikafuata mwaka wa 1933, walijua ya kuwa mkulima hawezi kuuza vizuri ikiwa hana ghala, mizani na karani anayejua hesabu. Karani walimsomesha. Twadhani tumefika wakati wa kumsomesha na mwashi.

Sasa tutazame soko. Mlima wetu ni wa volkeno. Mawe yake meusi ni magumu na ya kudumu, lakini huwezi kuyachoma yakawa chokaa. Matofali ya kuchoma nayo yataka kuni, na kuni zatoka wapi? Msitu uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa mwaka wa 2005, na hata bila sheria hiyo twajua ya kuwa anayemaliza miti ya juu anakausha mfongo wa chini. Kwa hiyo tumebaki na jiwe na tofali la saruji, na saruji yatoka mbali. Baba zetu walinunua ya Mombasa, ambako kiwanda cha Bamburi kilianza kazi mwaka wa 1954. Ya Wazo Hill ilianza mwaka wa 1966, na ya Tanga mwaka wa 1980. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka wa 1977, njia ya Taveta nayo ilifungwa, na katika miaka iliyofuata saruji ilipatikana kwa kibali. Mzee aliyepata mifuko 10 siku zile aliificha chumbani kama mahari.

Siku hizi saruji ipo madukani, lakini bei yake haiko mikononi mwetu. Mwishoni mwa mwaka wa 2020 ilipanda ghafula katika nchi nzima, hata Waziri Mkuu akaagiza sababu yake ichunguzwe. Tena mwaka wa 2024 kampuni moja ya Kitanzania, Amsons, ilinunua hisa nyingi za kiwanda cha Tanga, na kabla ya mwaka kwisha ikainunua na Bamburi. Hatusemi ya kuwa ni vibaya. Huenda ikawa heri kwa nchi kuwa na tajiri wake. Lakini mnunuzi wa Old Moshi aliyezoea kusikiliza bei ya upande huu na ya upande ule sasa yampasa ajue ya kuwa viwanda hivyo viwili vina mwenye mali mmoja. La ajabu ni kwamba mawe ya volkeno ya upande wa Holili huchimbwa, yakapelekwa viwandani kuchanganywa na saruji, kisha twayanunua tena yakiwa ndani ya mfuko.

Ikiwa hatuwezi kuamuru bei ya mfuko, twaweza kuamuru jinsi mfuko unavyotumika. Mwashi asiyejua huweka saruji nyingi mahali pasipohitaji, akaipunja mahali panapobeba uzito. Hajui ya kuwa mfuko ulioandikwa 32.5 wafaa kujengea na kupiga lipu, na wa 42.5 ni wa zege la nguzo na linta. Hajui ya kuwa zege hutaka kunyweshwa maji siku 7 au zaidi, na ya kuwa nguvu yake hupimwa siku ya 28. Mtu wa namna hiyo aweza kukupotezea mfuko mmoja katika kila mitano, nawe ukamshukuru kwa kuwa malipo yake yalikuwa kidogo.

Tuje kwenye soko la mikono yenyewe. Hili latembea pamoja na bei ya kahawa, lakini latembea nyuma yake. Mwaka wa 1989 mapatano ya mataifa ya kugawana soko la kahawa yalipovunjika, bei ilianguka, na nyumba nyingi za mlimani zilisimama bila paa. Mwaka wa 2001 bei ya arabika huko New York ilikuwa chini ya nusu dola kwa ratli moja. Mafundi waliweka miiko yao chini, wakaenda kuuza nguo Kiboriloni au kutafuta riziki Dar es Salaam, na watoto wao hawakujifunza kazi ile. Februari 2025 bei ya huko huko New York ilipita dola 4 kwa ratli. Mkulima hapati yote hayo, mwajua, lakini kila aliyepata kidogo alitaka kujenga, na wote walitaka mwezi mmoja! Mafundi walikuwa wapi? Mche wa kahawa hutaka miaka kama mitatu kabla ya kuzaa vizuri. Mwashi naye hutaka karibu muda huo huo. Anayengoja bei ipande ndipo apande mche, atavuna bei ikiwa imeshuka.

Tena kahawa si mteja wa pekee. Mwaka wa 2021 Serikali ilipotangaza ujenzi wa madarasa 15,000 kwa fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, nayo yakatakiwa yawe tayari kwa muhula wa Januari 2022, mafundi walitafutwa vijijini kama dawa. Kazi nyingi walipewa mafundi wa mahali, bila makampuni makubwa. Hiyo ilikuwa bahati njema kwa vijana. Lakini tuliona kwa macho yetu ya kuwa mwenye cheti alitia sahihi mkataba, na asiye na cheti, hata kama ndiye aliyemfundisha yule, alifanya kazi chini yake kwa ujira wa siku. Kisha kuna Dodoma, ambako ofisi za Serikali zimekuwa zikijengwa mfululizo. Kuna Arusha, ambako tangu mwaka wa 2024 uwanja mkubwa wa mpira kwa mashindano ya Afrika ya mwaka wa 2027 umevuta mafundi toka kila upande. Na Holili, tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipofunguliwa mwaka wa 2016, gari za vifaa hupita upesi kuliko zamani. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka wa 2010, yataja haki ya wafanyakazi kuvuka mipaka, lakini hakuna itifaki inayomvusha mtu asiye na karatasi ya kuonyesha ujuzi wake.

Ndiyo maana katika mwaka wa nne Muungano ulikata shauri la kulipia mafunzo ya vijana 6. Njia ya zamani ya kumbeba fundi ndoo miaka mingi ina wema wake, maana yafundisha subira. Ila mafundi wengine huficha timazi na pima maji, mwanafunzi asije akawa mshindani. Chuo cha ufundi stadi hakifichi. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1994, hufundisha uashi kwa viwango, na mtoto aliyemaliza darasa la saba aweza kuanzia kiwango cha kwanza. Tena kuna jambo ambalo wengi hamjalisikia. Fundi aliyejifunza kazini bila kukanyaga chuo aweza kupimwa ujuzi wake, akafundishwa palipopungua, akapewa cheti. Wazee wa kazi, msidharau jambo hilo. Mtu aliyejenga miaka 30 asione haya kupimwa na kijana. Anachopimwa ni ukuta wake, na ukuta hausemi uongo.

Kati ya wale 6, watano walimaliza. Tutawapa hesabu yao kama ilivyo. Wawili wako Dodoma. Mmoja yuko Arusha. Wawili wako kwetu, na mmoja wa hao ni binti, ambaye baadhi yetu, tukiri, tulipinga asipelekwe.

Mwaka jana tulipokuwa tukijenga tangi la kuoshea kahawa, lori la mchanga lilifika, nasi tukataka lishushe upesi, dereva asidai fedha ya kungoja. Binti yule akachukua chupa, akatia mchanga na maji, akaitikisa, akaiweka juu ya jiwe. Tukangoja. Mchanga ulitua chini, na juu yake likaonekana tabaka nene la tope. Akasema mchanga urudi. Dereva akamwambia, “Dada, mchanga huu umejenga nusu ya Moshi.” Akamjibu, “Basi nusu iliyobaki tuijenge kwa mwingine.” Mchanga ulirudi. Masika mawili yamepita, na tangi lile halijavuja hata tone. Sisi tuliopinga tulikaa kimya siku ile, na leo twasema wazi mbele yenu ya kuwa tulikosea.

Lakini katika Mkutano Mkuu uliopita mzee mmoja alisimama akauliza, “Katibu, je, fedha za kahawa yetu zasomesha waashi wa Dodoma?” Swali lilikuwa la haki, nasi tulilijibu vibaya, tukasema maneno mengi juu ya taifa na maendeleo. Baadaye tuliwapigia simu vijana wale wa Dodoma, tukawauliza kwa nini hawarudi. Tulitazamia watasema ujira wa huku ni mdogo. Hawakusema hivyo. Walisema walipojenga ofisi ya chama kimoja cha msingi walingoja malipo yao miezi minne. “Hatukuukimbia mlima,” mmoja alisema, “tulikimbia kungoja.”

Hapo tukaelewa. Sisi wakulima tumezoea kulipwa kwa mafungu. Yaja malipo ya kwanza, kisha kahawa yauzwa, kisha yaja malipo ya pili, na pengine ya tatu. Tumelelewa katika kungoja, tukadhani kila mtu aweza kungoja. Mwashi hula Jumamosi. Hana kihamba cha kumpa ndizi akiwa kazini, na mwenye duka la unga hajui habari za mnada. Kwa hiyo soko la kahawa na soko la uashi vina saa mbili mbalimbali, na sisi tulitaka mmoja afuate saa ya mwenzake.

Wako waliotoa shauri ya kwamba kila kijana tunayemlipia atie sahihi ya kufanya kazi kwetu miaka mitano. Kamati ilizungumza sana, ikakataa. Ukimfunga mtu usiyemlipa kwa wakati, siku moja atakata kamba, tena atakuwa na haki. Afadhali tutengeneze namna yetu ya kulipa.

Kamati inaleta mbele ya Mkutano Mkuu ujao shauri hili. Kuwe na mfuko wa uashi wenye akaunti yake mbali, usiochanganywa na fedha za kununulia kahawa, ukatwe kidogo katika kila kilo kwa kiasi ambacho ninyi wenyewe mtakitaja. Twajua neno “makato” halipendwi. Tena twajua sababu yake, maana wazee waliona mwaka wa 1976 vyama vikuu vikivunjwa kwa amri, na mali yao ikipita mikono mingine mpaka vyama viliporudishwa mwaka wa 1984. Kwa hiyo daftari la mfuko huu litawekwa katika kila chama cha msingi, na mwanachama yeyote ataweza kulifungua siku ya kazi bila kuandika barua. Ikiwa Mkutano utakataa, vijana waliomo chuoni sasa watamaliza, lakini hatutaweza kupeleka wengine.

Fedha za mfuko zitalipa mafundi kila Jumamosi, na zitalipa mafunzo. Na kazi tutaipangia majira. Januari na Februari tuchimbe misingi na kuchonga mawe. Wakati wa masika tufyatue matofali chini ya paa, yapate kukomaa vizuri kwa unyevu. Toka Juni tuinue kuta. Desemba tusiwaite kabisa, kwa kuwa ndugu zetu wote hurudi kutoka mijini kwa Sikukuu, kila mmoja akitaka lipu ikauke kabla wageni hawajafika, na hapo fundi ana haki ya kuuza kazi yake kwa bei anayotaka. Wanachama nao wakifuata majira haya kwa nyumba zao wenyewe, watapata fundi kwa bei nafuu, naye fundi atapata kazi miezi mingi ya mwaka, si miezi mitatu tu. Kijana mwenye kazi ya miezi mingi na malipo ya kila wiki hana sababu kubwa ya kupanda basi la Dodoma. Wengine watapanda hata hivyo. Nao wakijenga vizuri huko, watu watauliza walikotoka.

Yule mzee aliyeuliza swali yupo hapa leo, twamwona. Twamwomba aje na swali lake tena katika Mkutano Mkuu, tupate kumjibu kwa hesabu.

Majina ya vijana wa mwaka ujao yataandikwa na makatibu wa vyama vya msingi toka wiki ijayo mpaka mwisho wa Februari. Wavulana na wasichana wote waweza kuandikwa, mradi wamemaliza darasa la saba na mzazi au mlezi ni mwanachama. Mafundi wa siku nyingi wanaotaka kupimwa ujuzi wao wataandikwa katika daftari hilo hilo, ukurasa wa pili; nao waje na mtu mmoja waliyemjengea, atakayetuonyesha ukuta.